Trekta Mbili Karibu Sawa: Ipi ya Nyasi na Kijiko?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasimamia mazingira ya shule moja huku Luchelele, Mwanza, kando ya ziwa. Tunanunua trekta ndogo na zimebaki mbili, zote Kubota zilizotumika, zina kijiko mbele, bei karibu sawa: B2601 ya haidrostatiki (mwendo kwa pedali, bila kukanyaga klachi kila mara) na L2501 ya gia. Kazi kubwa ni kukata nyasi za uwanja wa mpira na chini ya miembe. Mara mojamoja tunasogeza mchanga na magugumaji ufukweni. Wenzangu wanaitaka L, wanasema injini yake ni kubwa. Unashaurije?
Msimamizi, Luchelele

JIBU: Marahaba, mwanangu. Injini iwekeni pembeni. B ina nguvu farasi 24.3, L 24.8, hapo hakuna cha kugombania. Kinachozitenganisha ni uzito: B ni kama kilo 730, L inapita kilo 1,100, kijiko bado hakijafungwa.

Mngekuwa mnapakia mchanga kila siku, ningesema L bila kusita. Lakini kazi yenu ni nyasi. Masika uwanja umelowa, L yenye matairi ya shamba itawaachia mifereji mpaka golini. Halafu kwenye miembe ni kwenda mbele, kurudi nyuma, kukata kona. Kwa gia, klachi haipumziki. Haidrostatiki ni pedali tu. Chukueni B.

Kwenye kijiko nakuomba uwe makini sana. Uzito ambao kitabu kinasema kijiko kinainua, kwa kawaida umepimwa kwenye pini zinazokishika, na mzigo unakaa mbele zaidi ya hapo, kwa hiyo uwezo halisi ni mdogo. Mchanga uliolowa unakaribia tani 2 kwa mita moja ya ujazo. Chota nusu kijiko, ukibebe chini chini, na nyuma funga pipa lililojazwa zege. Bila pipa hilo matairi ya nyuma yananyanyuka, na breki za trekta hizi ziko huko huko nyuma. Kwenye mteremko wa kwenda ziwani, dereva atakanyaga breki na trekta isisimame. Ndiyo maana huko ushuke ukiwa umeingiza magurudumu yote manne, na mkanda umefungwa.

Muuzaji anaweza kukushawishi uchukue mashine ya nyasi inayofungwa tumboni, maana B ina PTO ya katikati, yaani mhimili wa kuzungushia mashine. Kataa. Inaning'inia chini, na kwa mawe ya Mwanza utalazimika kuifungua kila unapotaka kutumia kijiko. Nunua ya kufunga nyuma, ya PTO ya mizunguko 540 kwa dakika, upana kama mita 1.2.

Kabla ya kulipa, hakikisheni filta na oili ya haidrostatiki vinapatikana mjini. Kisha iendesheni B mpaka ipate moto kabisa, muipandishe kilima ikiwa na mzigo. Ikilia na kuishiwa nguvu, msiinunue, hata wakiwapunguzia bei.