Timu haikufungwa, au haikushindwa?

Swali: Natafsiri makala kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan, mwanzoni mwa karne ya 20. Nimeandika: "Mwaka 1901 na mwaka 1903 timu haikufungwa." Rafiki yangu, mshabiki mkubwa wa mpira, anasema nimekosea kwa mwaka 1903. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu msomaji, rafiki yako yuko sahihi, ila kilichokuponza ni kitenzi chenyewe. Tunasema "mshambuliaji amefunga bao", na tunasema "Yanga imeifunga Simba". Katika sentensi ya kwanza kinachofungwa ni bao. Katika ya pili anayefungwa ni mpinzani. Ukigeuza kuwa kauli ya kutendwa, maana hizo mbili zinaingia chumba kimoja. Mtu akitoka kibanda umiza akakwambia "Simba imefungwa", unajua mechi imekwisha na imepotea. Akisema "Simba imefungwa bao dakika ya kumi", mpira bado unachezwa na Simba yaweza kushinda.

Kwa hiyo "haikufungwa" yaweza kuwa "haikupoteza mchezo" au "haikuruhusu chochote kuingia". Mara nyingi muktadha hutuokoa. Michigan ya kocha Fielding Yost haituachii nafasi hiyo, na ndiyo maana nimelifurahia sana swali lako.

Mwaka 1901 neno lako linasimama kwa maana zote mbili. Michigan ilicheza mechi 11, ikashinda zote kwa jumla ya pointi 550 kwa 0. Ya mwisho ilikuwa Pasadena, California, siku ya mwaka mpya wa 1902: Michigan 49, Stanford 0.

Mwaka 1903 ndipo sentensi inapovunjika. Tarehe 31 Oktoba, mjini Minneapolis, Michigan ilikuwa mbele kwa pointi 6. Mechi ikielekea ukingoni, Minnesota ikavusha mpira mstari wa mwisho, pointi 5 kwa hesabu ya wakati ule, kisha ikapiga teke la nyongeza, pointi 1. Mashabiki wakafurika uwanjani na mchezo haukumaliziwa. (Katika vurugu hizo Michigan walisahau gudulia lao la maji, vyuo hivyo viwili vingali vinaligombea kama kombe.) Basi msimu ule Michigan haikushindwa, lakini ilifungwa. Na hapo andika "sare ya 6-6", usiandike "suluhu": watangazaji wetu suluhu huiweka kwa mechi ya 0-0, na ni utofautishaji mzuri, naomba tuutunze.

Sasa tazama 1905, hata kama makala yako haifiki huko. Baada ya mechi 56 bila kupoteza, Michigan ilikwenda Chicago tarehe 30 Novemba ikalala 2-0. Ukiandika "ilifungwa 2-0", msomaji wetu ataona mabao mawili na nyavu zikitikisika. Kumbe mchezaji wa Michigan alikamatwa na mpira nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe, na kosa hilo humpa mpinzani pointi 2. Hakuna aliyefunga kitu. Hapa "ilipoteza kwa pointi 2-0" ndiyo tafsiri ya kweli.

Ushauri wangu: kwa timu isiyopoteza, tumia "haikushindwa" au "haikupoteza hata mchezo mmoja". Kwa ile isiyoingiziwa kitu, tumia "haikuruhusu hata pointi moja". "Bao" liache kabisa katika mchezo huu, na "pointi" iandamane na neno "mchezo" au "mechi", maana msomaji wa soka akiona pointi peke yake hufikiria msimamo wa ligi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 1901 Michigan ilishinda mechi zote bila kuruhusu hata pointi moja, mwaka 1903 haikupoteza mchezo, ingawa ilitoka sare ya 6-6 na Minnesota."