Neno "haya" lina maana gani, na asili yake ni ipi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Darsani niliuliza kuhusu hedhi na kulipa saumu. Wenzangu wakaguna, mmoja akaniambia sina haya. Tangu siku hiyo naogopa kuuliza. Haya ni nini hasa katika dini, na neno lenyewe limetoka wapi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, binti yangu.

Neno haya tumelipata kwenye Kiarabu, al-hayaau, na mzizi wake ni mmoja na al-hayaatu, yaani uhai. Kiswahili chetu kina ukoo huo mzima: hai, uhai, hata lile "hayati" tunalolitanguliza mbele ya jina la marehemu. Mwanachuoni Ibnul Qayyim ameeleza kwamba mvua nayo huitwa hayaa kwa kuwa ardhi huhuika kwayo, na kwamba haya ya mtu huwa kwa kadiri ya uhai wa moyo wake. Moyo ukifa, mtu hutenda ovu mchana kweupe wala hashtuki.

Basi haya si kunyamaza. Katika Suratul Qasas, aya ya 25, mmoja wa mabinti wawili ambao Nabii Musa aliwanyweshea mifugo alimjia akitembea kwa kuona haya, na papo hapo akafikisha ujumbe: baba yangu anakuita akulipe ujira wa kutunyweshea. Haya ilikuwa kwenye mwendo wake, na maneno yake yalinyooka.

Na hao walioguna, si wa kwanza kushtuka. Bi Ummu Sulaym alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema: Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, je, inampasa mwanamke kuoga akiota ndoto ya tendo la ndoa? Mtume akamjibu: ndiyo, akiona maji. Bi Ummu Salama, mke wa Mtume, alikuwapo, akajifunika uso kwa mshangao. Lakini Mtume hakumkemea muulizaji. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Bi Aisha naye aliwasifu wanawake wa Kiansari, yaani wenyeji wa Madina, kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Mtume amesema haya ni katika imani. Vipi basi kitu cha imani kimzuie mtu kuijua ibada yake? Inaniuma kuona mabinti wakiswali na kufunga kwa kubahatisha kwa kuogopa macho ya watu.

Rudi darsani, uulize. Likiwa ni jambo la ndani zaidi, muulize mwalimu pembeni. Hiyo nayo ni stara. Na saumu ulizokula kwa hedhi utazilipa, swala za siku hizo hulipi.

Wallahu a'lam.