Mwache mgeni acheze kwanza, fomu ije baadaye

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza gemu za mtandaoni, usimwekee mgeni fomu mlangoni. Nimekuwa nikijaribisha gemu na vijana wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, na wanapotukimbia ni palepale kila mara: ukurasa wa kujisajili.

Tazama hali halisi. Kijana ana simu janja isiyo na laini, intaneti anarushiwa na mwenzake. Laini iko kwenye kitochi cha mama, na mama yuko mwaloni Kibirizi. Gemu ikidai namba ya uthibitisho kwa meseji, huyo umeshampoteza. Hata mwenye laini yake anapata shida: akitoka kusoma meseji, simu yenye RAM ndogo inaifunga gemu, na akirudi anakuta fomu tupu. Kwa hiyo hifadhi kila alichokwisha kujaza, tena mpe muda wa kutosha kabla namba haijaisha nguvu.

Lichess, tovuti ya sataranji, inakuruhusu kucheza bila akaunti yoyote. Free Fire, gemu ya mapigano ya simu iliyotoka 2017, nayo ilifungua njia ya kuingia kama mgeni. Njia hiyo ina hatari yake: mtu akibadili simu, ngazi zake zote zinaweza kupotea. Basi mwambie hivyo waziwazi, kwa Kiswahili, mara tu anapopata kitu ambacho kitamuuma kukikosa. Hapo ndipo pa kumwomba ajisajili, maana sasa anaiona faida yake. Omba kitu kimoja, namba ya simu au barua pepe. Jina la ukoo na mtaa anaoishi unavitakia nini? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kila unachokusanya unawajibika kukilinda. Umri ni suala jingine: Marekani, kwa mfano, inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 mtandaoni.

Maelezo marefu ya kufundisha mchezo hayasomwi. Super Mario Bros. ya 1985 inamleta adui mwanzoni kabisa, mchezaji anajifunza kuruka kwa kuruka. Mechi za kwanza mpangie na wa kiwango chake au na roboti, yaani mchezaji anayeendeshwa na kompyuta, kama gemu ya Fortnite ilivyoanza kufanya 2019. Mimi ningefunga pia gumzo la wazi kwenye mechi hizo, kwa sababu matusi ya wazoefu yanafukuza watu, wasichana hasa.

Na taja MB mapema. Gemu inayopakuliwa kwa MB 80, kisha ikifunguliwa inavuta mamia mengine kimyakimya, inamlia mtu bando la wiki nzima.

Kabla hujaitoa, mpe mtu asiyewahi kuiona, kwenye simu ya bei nafuu. Kaa pembeni, usimwelekeze. Atakapokuuliza "hapa niandike nini?", hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.