Tiara, tabla na karai la mboga: maswali yenu kuhusu tamasha la Kihindi mtaani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa kamati za mitaa zinazotaka kuandaa tamasha la sanaa za Wahindi wa hapa kwetu pamoja na majirani zao. Tumejibu saba.

Tuko Mombasa. Tunataka tamasha la siku moja uwanjani. Tuweke tarehe gani?

Kwanza kubalianeni ni Uhindi wa nani. Mombasa peke yake ina Wahindu wa Kigujarati, Mabohora, Maismailia, Masikh na Magoa Wakatoliki. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, si yao wote. Isitoshe, hufuata mwezi: 2026 ni Novemba 8, 2027 ni Oktoba 29, na zote mbili mko ndani ya vuli, kwa hiyo mhesabu gharama ya turubai. Vaisakhi ya Masikh huangukia Aprili 13 au 14, masika yenyewe.

Kama mnataka uwanja mkavu, chukueni Januari 14, siku ya Uttarayan, Wagujarati wanaporusha tiara. Kaskazi inavuma, pepo ile ile iliyoleta majahazi kutoka Kachchh kule Gujarati, India, na kurusha tiara hakumbagui mtoto wa dini yoyote. Uzi uwe wa pamba mtupu. Ule uliopakwa unga wa kioo upigeni marufuku kabisa, maana ukikatika na kutanda barabarani humkata shingo mwenye bodaboda.

Na mshereheshaji aambiwe mapema: ile methali ya Baniani na kiatu chake aiache nyumbani. Neno "Kalasinga" vilevile, hata kama yeye haoni ubaya wake.

Shule yetu ya Arusha ilifanya mashindano ya rangoli, rangi zote zikapeperuka. Tulikosea wapi?

Unga ulikuwa mwepesi. Rangoli ni picha ya unga wa rangi inayochorwa sakafuni, na rangi tupu haikai. Changanyeni sehemu moja ya rangi ya unga na tatu za mchanga laini mkavu, uliochekechwa kwa chekecheo la unga wa ngano. Chumvi iliyotiwa rangi inafaa Arusha, lakini Pwani hunyonya unyevu, na jioni haijafika rangi zimeshaingiana. Unga wa mchele ndio wa asili. India Kusini huwekwa makusudi ili sisimizi wapate riziki. Kuku wa jirani nao wataipata.

Kila kikundi kiwe na watu wanne, mraba wa mita 1.5 kwa 1.5, na saa mbili. Kwa chaki, pigeni vitone 15 kwa 15, sentimita 10 kati ya kimoja na kingine. Kwa mviringo, fungeni chaki kwenye uzi. Anzeni katikati mtoke nje, la sivyo mtakanyaga kazi yenu. Unga hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono ukiwa karibu sana na sakafu. Mkiuachia kutoka juu, mstari hutawanyika. Mstari mweupe wa pembeni uje mwisho, ndio unaoficha makosa. Feni zizimwe, kamba izungushwe, na taa za mafuta zikae mbali na njia ya wenye sari na mitandio.

Uwanja wa mpira wa kikapu unatosha watu wangapi kwa garba, dansi ya Kigujarati ya kuzunguka duara?

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Kwa garba ya makofi, kadirieni mita za mraba mbili kwa kila mchezaji: watu 200. Kwa dandiya, yenye fimbo mbili mkononi, tungeshusha hadi 140. Fimbo ziwe na urefu wa sentimita 35 hadi 45, ncha zipigwe msasa. Za kukodi zikagueni moja moja, maana iliyopasuka huruka kipande.

Katikati acheni duara la mita tatu kwa taa au sanamu ya Mungu wa kike, kwa sababu garba ya Navratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, ni ibada kabla ya kuwa dansi. Watu huvua viatu, hivyo fagieni vizuri. Wekeni utepe kuonyesha duara la wanaojifunza, liwe la nje kabisa. Mgeni akiingia duara la ndani, mwendo ukipanda hana pa kutokea.

Kikundi chetu cha taarab cha Tanga kimealikwa kupiga pamoja na mpiga tabla na mpiga harmoniamu. Tujiandae vipi?

Hamwanzi mbali. Taarab ya Mombasa ina tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, na harmoniamu, kinanda cha mifuo, miaka mingi, na mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alivuma kwa mashairi ya Kiswahili yenye mahadhi ya Kihindi.

Shida yenu itakuwa kii, yaani sauti wimbo unapoanzia. Ngoma ndogo ya tabla, ile ya mkono wa kulia, hutegwa kwenye sauti moja tu, sauti ya msingi ya wimbo. Mpigaji huigonga ukingoni kwa nyundo ndogo na kusogeza vigogo vya mbao vilivyo chini ya kanda za ngozi. Hupanda au kushuka kidogo tu. Mkilazimisha zaidi, mlio hufa au ngozi hupasuka. Kwa hiyo mpelekeeni orodha ya nyimbo na kii zake wiki mbili kabla. Kama mwimbaji wa kiume anaanzia C na bibie anaanzia G, mpigaji anahitaji ngoma mbili za kulia, na nyimbo zipangwe kwa mafungu ili asibadilishe kila mara. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha kii: mpiga kinanda ndiye amfuate mpiga tabla.

Ngoma zikae jukwaani nusu saa kabla ya kutegwa, kwa sababu unyevu wa bahari hulegeza ngozi na sauti hushuka. Mwambieni fundi mitambo aweke maiki mbili kwa tabla, moja kila ngoma. Ya harmoniamu isielekezwe kwenye mifuo, itachukua pumzi badala ya wimbo. Wapigaji hawa huketi chini. Wasipopewa kijukwaa cha sentimita 40 chenye zulia, watu wa safu ya tatu wataona vipaza sauti tu.

Piko inaruhusiwa kwenye banda la hina?

Hapana. Piko, ile iitwayo hina nyeusi, ina dawa ya kutia nywele rangi, nayo huunguza na kutoa malengelenge, hasa kwa watoto. Tumieni hina ya majani, irojwe usiku wa kuamkia tamasha. Mchoro rahisi huchukua dakika kumi, basi mchoraji mmoja ni mikono sita kwa saa. Banda lifunguliwe asubuhi, kwani hina hukaa saa nne au zaidi ndipo ikolee.

Tuko Mji Mkongwe, Zanzibar, na fedha hatuna. Tufanye nini?

Matembezi ya milango. Mlango wa Kigujarati, wa vipande vya mraba vinavyokunjika, ulifaa maduka. Chagueni milango kumi, watu 15, saa moja na nusu, mkiomba ruhusa ya wenye nyumba kwanza. Malizieni kwenye Zahanati Kongwe ya Tharia Topan, iliyoanzwa 1887 na kukamilika 1894, mtazame nakshi za baraza zake.

Chakula cha watu 300: nyama iwepo?

Ikiwa ni Navratri, isiwepo. Kwa tamasha la wote inawezekana, iwe halali, na ipate karai lake, mafuta yake, koleo lake na mpishi wake. Sambusa ya nyama ikikaangwa mara moja tu kwenye mafuta ya mboga, Mhindu asiyekula nyama hatagusa chochote siku nzima, na habari husambaa haraka kuliko harufu. Wajaini hawali kitunguu, thomu wala viazi: chungu kimoja cha dengu bila hivyo kinawatosha, kiandikwe wazi.

Chai ya maziwa, vikombe vya mililita 150, ni lita 45: nusu maji, nusu maziwa, majani gramu 600. Sukari iwe pembeni.