Anza na hertz 50: kwa mgeni wa sinthesaiza za picha na sauti

Vijana wanaokuja kujifunza nasi hapa Kisumu huuliza swali moja kabla hata hawajaketi: ninunue kifaa gani? Usinunue kitu bado. Sinthesaiza ya video, yaani kifaa kinachounda picha kwa signali za umeme, ni ghali, huagizwa ng'ambo, na ushuru wake ni maumivu mengine. Laptopu yoyote inayowaka inatosha. Kwa sauti, pakua Pure Data, programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990. Hata mashine kuukuu huimudu. Kwa picha, fungua Hydra, programu ya Olivia Jack, ndani ya kivinjari. Imeundwa kwa kuiga sinthesaiza za analogi, kwa hivyo mazoea utakayoyapata humo utayatumia hata siku utakaposhika waya na vitufe vyenyewe. (Na usidhani sanaa hii ilizaliwa madukani. Dan Sandin alipounda mtambo wake wa kuchakata picha kule Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1970, michoro yake aliigawa bure ili kila anayetaka ajitengenezee.)

Sasa tuje kwenye kiini. Ndani ya waya, picha ya video na sauti ni kitu kimoja: volteji inayopanda na kushuka. Zinatofautiana kwa kasi tu. Ulizia kwa mafundi wa Kibuye au Kondele TV ya zamani yenye kisogo kirefu. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, si wengi wanaozigombania. Mfumo wa PAL tuliokuwa nao huichora skrini mara 50 kila sekunde. Ukiichanganya sauti ya hertz 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) na signali ya picha, unapata mlia mmoja mnene uliolala, umetulia tuli. Peleka hertz 100, inakuwa miwili. Peleka 51, ule mmoja unaanza kutembea, unaimaliza skrini kwa sekunde moja. Milia ya kusimama wima haiji mpaka ufike hertz 15,625, maana kila picha kamili huchorwa kwa awamu mbili na ina mistari 625, na sekunde moja ina picha kamili 25. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo sababu noti za kawaida za muziki zinakupa milia ya kulala tu.

Kisha rudi kwenye Pure Data, ucheze hertz 220 pamoja na 221. Utasikia sauti ikivimba na kupungua mara moja kila sekunde. Ni hesabu ile ile ya kutoa iliyoutembeza mlia. Kaa hapo muda mrefu, badilisha namba moja tu kila mara, usikimbilie rangi. Mtu anayejua mapema mlia utaelekea wapi kabla hajagusa kitufe, huyo ameshaanza kutunga. Jihadhari pia na masomo ya video kutoka Marekani: wao huhesabu kwa 60, na ukiwafuata kwenye TV ya PAL hesabu zako zitapishana.

TV hiyo usiifungue. Bomba lake la picha hushika maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye stima. Kazi ya ndani ni ya fundi.

Ukitaka kuleta muziki wa kwetu, sikiliza kwanza ni nini kinachobeba nini. Mpiga nyatiti, ala ya Waluo, ana nyuzi nane mikononi, na kwenye kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma, oduong', anayogonga nayo ubao wa ala. Wanafunzi wengi huweka maikrofoni moja na kuiacha sauti yote iitikise picha; matokeo ni fujo inayochosha macho kabla wimbo haujapamba moto. Mimi ningeupa mdundo wa oduong' kazi moja tu, labda kugeuza upande wa milia, na nyuzi ningeziachia mabadiliko ya polepole ya unene. Isukuti, ngoma ya Waluhya, ni vivyo hivyo: ngoma ziko tatu, si lazima zote zionekane. Iache ile ndogo isikike tu.

Kumetameta kwa haraka kunavutia sana mtu akiwa peke yake chumbani. Mbele ya watu usizidishe mimweko mitatu kwa sekunde, kwa kuwa wapo ambao mwanga wa namna hiyo huwaletea kifafa. Watangazie kabla ya kuanza.

Na ukialikwa mahali penye jenereta, fika mapema. Stima yetu ni hertz 50, kwa hivyo mvumo wake ukiingia kwenye kebo huonekana kama ukanda unaosogea polepole, na unaweza hata kuutumia. Jenereta ndogo haishiki kasi moja: spika zikivuta nguvu, injini inalegea, na ukanda unaanza kukimbia ovyo. Endesha laptopu kwa betri yake, tenga kebo za picha na nyaya za umeme, kisha mwombe mwenye spika apige besi kwa nguvu huku wewe ukiitazama skrini.