Kuhusu dawa ya kung'arisha uvimbe kabla ya upasuaji wa ubongo

Mkuu, umeuliza kama dawa atakayonyweshwa kaka yako kabla ya kupasuliwa glioma (aina ya uvimbe wa ubongo) ni kemotherapi, na kama ina mionzi. Si kemotherapi, na mionzi haina. Mimi ni muuguzi wa thieta ya ubongo, na dawa hiyo nimewanywesha wagonjwa wengi tu.

Inaitwa 5-ALA. Ni unga unaoyeyushwa kwenye maji, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na mgonjwa anakunywa saa tatu hivi kabla ya nusukaputi. Seli za glioma kali huigeuza kuwa protopofirini, kemikali inayowaka ikimulikwa, na kuilimbikiza kuliko seli zenye afya. Daktari akiwasha mwanga wa bluu wa hadubini, uvimbe unawaka mwekundu. Kwa mwanga wa kawaida, ukingo wa uvimbe na ubongo wenye afya vinafanana kiasi cha kumchanganya hata mzoefu.

Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2006, uvimbe unaoonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hii, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida.

Sasa kazi iko pembeni. Katikati panawaka vizuri, ila ukielekea kingoni rangi inafifia kuwa waridi, na hapo seli za saratani zimechanganyikana na ubongo unaofanya kazi. Kama ni sehemu ya kusema au kutembea, daktari mwenye busara anaiacha iendelee kung'aa. Kwa hiyo mkiambiwa "tumebakiza kidogo", msidhani ni uzembe. Halafu pasipong'aa si lazima pawe salama. Hata tone la damu likifunika, mwanga haupiti.

Na kama umesikia watu wakisema 5-ALA inafaa saratani zote, hapana. Ya ovari na mapafu ina yake, pafolacianini, inayopitia mshipani na kunasa kwenye vipokezi vya foleti, yaani sehemu za seli zinazoshika vitamini hiyo. Marekani waliiidhinisha kwa ovari 2021 na kwa mapafu 2022.

Baada ya kunywa, ngozi na macho vikingwe na mwanga mkali kwa saa 24 hadi 48. Ndugu mna tabia ya kufungua mapazia ya wodi, acheni! Kama anameza doksisaiklini (antibiotiki) au ana ugonjwa wa pofiria, ambao kemikali za pofirini hujaa mwilini, semeni mapema. Na muulizeni daktari kama hadubini yao ina huo mwanga wa bluu na kichujio chake, maana bila hivyo mgonjwa atakuwa amekunywa bure.