Uvundo wa roboti ya kufagia
Kama umeshamwaga kisanduku cha vumbi na roboti bado inatoa uvundo kila ikianza kufagia, shuku kichujio kwanza. Kitoe ukinuse, utajua. Vumbi laini hung'ang'ania kwenye mikunjo yake, likipata unyevu kidogo tu bakteria na ukungu wanajipatia makazi. Ikiwa maelekezo ya mashine yanaruhusu kukiosha, kisuuze kwa maji matupu, kikung'ute, kisha kiache penye hewa kwa saa 24 hivi. Wengi huharibu hapo: wanakirudisha kikiwa bado kina umajimaji, harufu inarudi kali kuliko mwanzo. Kama si cha kuoshwa, badilisha tu.

Halafu chomoa brashi kuu, vua na vifuniko vya ncha zake. Nywele hujisokota pale zikawa kama kamba, zimeshika mafuta na makombo. Kata kwa mkasi. Gurudumu dogo la mbele nalo hunasa nywele zake. (Na kama una paka, kagua magurudumu yote; huenda roboti ilikanyaga uchafu wake bila wewe kujua.)

Inayopiga deki, usiache kitambaa kimelowa chini yake usiku kucha, na maji yaliyobaki kwenye tangi yamwage.

Manukato ya kupulizia achana nayo, yanafunika tu.

Ila ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, hayo si mambo ya usafi tena. Izime, iondoe kwenye chaji, usiiwashe mpaka fundi aione.